Naona Iko Chini Sana

Kwa miaka mingi tangi kubwa la gesi lilisimama South Harrow, kaskazini-magharibi ya London, likiwa limepakwa herufi mbili ambazo hazikumhusu mpita njia yeyote: N na O, na mshale kando yake. Mgeni asiye na habari angeweza kudhani kampuni ya gesi imeamua kukataa jambo fulani kwa sauti kubwa, maana kwa Kiingereza herufi hizo mbili ni neno la kukatalia. Kumbe ujumbe ulikuwa wa watu wa juu. NO ni mwanzo wa Northolt, uwanja wa ndege wa kijeshi ulio jirani, na kazi ya herufi hizo ilikuwa kumwambia rubani kwamba hapa si Heathrow.

Kisa chenyewe kilianza na macho ya mtaalamu. Tarehe 25 Oktoba 1960 ndege ya Pan American, Boeing 707 yenye injini nne, ilikuwa inakwenda Heathrow ikaishia Northolt. Njia ya kurukia ya Northolt haifiki mita 1,700, fupi mno kwa ndege ya aina ile, lakini rubani aliisimamisha salama, na abiria wakashuka mahali ambapo tiketi zao hazikupataja. Lawama ziliangukia matangi. Southall, kwenye njia ya kuingilia Heathrow, kulikuwa na tangi la gesi ambalo marubani walilizoea kama alama. South Harrow kulikuwa na ndugu yake, naye alisimama kwenye njia ya kuingilia Northolt. Ukiona tangi unatazama mbele yake, unaona uwanja, unashuka. Baadaye tangi la Southall likaandikwa LH, la South Harrow likaandikwa NO, na mambo yakatulia.

Rubani yule aliona kila kitu kilichokuwepo: tangi lilikuwepo, nyumba zilikuwepo, njia ya kurukia ilikuwepo. Angeapishwa mbele ya hakimu aeleze alichokiona, asingekuwa na neno la kufuta. Kosa liliingia baadaye kidogo, pale alipolipa tangi jina. Na hapo ndipo penye swali ambalo mafakihi na wanafalsafa wamelizungusha kwa karne nyingi: mtu anayeshuhudia kwa nia njema akakosea, je, amesema uongo? Ikiwa jibu ni hapana, kosa lake tuliwekee rafu gani?

Swali hili lina makazi yake ya kila siku mtaani Rayners Lane, kituo kimoja tu cha treni kutoka South Harrow.

Rayners Lane ni mtaa wa nyumba za matofali zilizopangwa mbili mbili, wenye stesheni inayounganisha njia za Piccadilly na Metropolitan. Toka stesheni hadi kichwa cha mashariki cha njia ya kurukia ya Northolt ni kilomita 3 na ushei kwa mstari ulionyooka. Upepo ukivuma kutoka magharibi, ndege za Northolt huingia kutokea mashariki, zikipita karibu na stesheni ya South Harrow. Hesabu yake ni nyepesi. Ndege inayoshuka kwa mteremko uliozoeleka duniani wa nyuzi 3 hupoteza mita 52 hivi za kimo kwa kila kilomita, kwa hiyo ikiwa kilomita 4 kutoka uwanjani huwa mita 200 na ushei juu ya mapaa. Mtu aliyesimama Rayners Lane na mfuko wa sokoni mkononi huiona ikipita upande wa kusini, kilomita moja na nusu hivi kutoka alipo, juu kidogo ya mabomba ya moshi. Kisha husema, kama wanavyosema watu wa Kipawa jijini Dar es Salaam waishio ubavuni mwa uwanja wa Julius Nyerere: naona iko chini sana.

Kitenzi hicho kinastahili kusimamishwa na kupekuliwa. Mswahili huona mwezi, huona njaa, huona baridi, huona haya, huona uchungu, na pia huona kwamba jirani yake amemdanganya. Kitenzi kimoja kinabeba nuru iliyoingia jichoni, hisia iliyoshika mwili, na hukumu iliyopitishwa moyoni. Wasomi wa lugha wataita hali hiyo upana wa maana. Anayepaswa kutoa ushahidi ajue kuna mtego. “Naona ndege” na “naona iko chini” hutoka mdomoni kwa pumzi moja kama vile ni habari za aina moja, na wala si za aina moja. Ya kwanza imepokelewa, ya pili imetengenezwa.

Imetengenezwaje? Jicho hupokea pembe tu. Ndege iliyo kimo cha mita 170, umbali wa kilomita moja na nusu, hukaa juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 6 na nusu hivi, upana wa vidole vitatu au vinne ukinyoosha mkono. Ndege ya abiria iliyo kimo cha kilomita 10, ambayo bado iko zaidi ya kilomita 80 kutoka kwa mtazamaji, nayo hukaa kwenye vidole vile vile. Kwa jicho lenyewe, moja inagusa mapaa ya South Harrow na nyingine pia inagusa mapaa ya South Harrow. Kinachozitenganisha ni ukubwa wa umbo, na ukubwa wa umbo hausemi kitu mpaka uwe umeshajua ndege ile ni ya aina gani.

Chukua kidole gumba, ukinyooshe mbele ya uso. Upana wake huwa karibu moja kwa thelathini ya urefu wa mkono. Ndege inayofunikwa kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine na kidole hicho iko umbali wa mara thelathini ya upana wa mabawa yake. Boeing 737-800, ambayo mabawa yake yana upana wa mita 36 kasoro kidogo, itakuwa umbali wa kilomita moja hivi. Ikiwa ni Airbus A380, yenye karibu mita 80, itakuwa kilomita 2 na mita 400. Hapo mtazamaji hajapotoka hata chembe katika kupima kidole chake. Amekosea jina la ndege, na kosa la jina limezaa kosa la zaidi ya kilomita nzima.

Ndipo mtu anapokumbuka kwamba kwa Kiswahili hata jina “ndege” ni la mkopo wa nyumbani: tulilichukua kwa kiumbe wa manyoya tukalipa chombo cha chuma. Kunguru hatusumbui. Tunamjua ukubwa, tumemfukuza jikoni, na akipita juu ya mwembe tunamkadiria bila shida. Chombo cha chuma hakina ukubwa mmoja. Jamii ya ndege wa angani ingekuwa na kunguru wa urefu wa kiganja na wengine wa urefu wa nyumba, wote weusi, wote wa umbo moja, basi hata wawindaji wangepigana kila jioni. (Wazee wa pwani walikuwa na maana ya tatu ya neno hilo: ndege njema na ndege mbaya, yaani dalili ya heri au ya shari. Aliyeona ndege asubuhi alikuwa ameshaanza kufasiri.)

Jioni ya tarehe 13 Septemba 2022 jeneza la Malkia Elizabeth II lilifikishwa Northolt kutoka Edinburgh ndani ya C-17, ndege ya mizigo ya jeshi yenye mabawa ya karibu mita 52. Uwanja huo kwa kawaida huhudumia ndege ndogo za wakubwa. Falcon 900LX, kwa mfano, ina mabawa ya mita 21 na kidogo. Kwa jicho lililozoea Falcon, C-17 iliyo mbali mita 500 hujaza anga kiasi kile kile ambacho Falcon hujaza ikiwa mbali mita 200. Na kuna zaidi. Chombo kikubwa huonekana kama kinatambaa hata kikiwa na mwendo sawa na kidogo. Herschel Leibowitz, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieleza jambo hilo kwa kuangalia watu wanaogongwa na treni kwenye makutano ya reli: treni ni kubwa, kwa hiyo dereva wa gari huiona ya polepole, kwa hiyo huvuka. Angani matokeo yake si mauti ila ni ushahidi mbovu. Mtu husema ndege ilikuwa kubwa, chini, na karibu isimame. Sifa zote tatu zimetokana na kitu kimoja, nacho ni kwamba ilikuwa kubwa.

Sikio nalo halisaidii sana. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo wa ndege iliyo mbali kilomita moja na nusu umechelewa sekunde 4 na zaidi, na katika muda huo ndege inayotua imeshasogea mita 300. Sikio linaelekeza mahali pasipo na kitu. Siku ya mawingu mazito, ambazo London haina uhaba nazo, mashahidi wa sikio ndio wengi, nao ndio wenye uhakika kuliko wote.

Abu Hamid al-Ghazali, ambaye vitabu vyake vimesomwa katika madrasa za Lamu, Mombasa na Unguja kizazi baada ya kizazi, aliwahi kulishitaki jicho. Katika tawasifu yake ya kifikra, aliyoiandika miaka michache kabla ya kufa mwaka 1111, anaeleza jinsi alivyotazama kivuli akakiona kimesimama, na baadaye akajua kwamba kilikuwa kinasogea. Alitazama nyota akaiona ndogo kama dinari, na hoja za jiometri zikamthibitishia kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akajiuliza: kama akili imelikosoa jicho, ni nani atakayeikosoa akili? Shaka hiyo ilimshika kwa karibu miezi miwili kama ugonjwa, na anasema hakupona kwa kupanga hoja bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Ni hadithi kubwa, na wengi huishia hapo. Lakini kesi dhidi ya jicho ilikuwa imeshasikilizwa na kuamuliwa vizuri zaidi kabla Ghazali hajazaliwa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo na kufariki karibu mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona. Humo anaeleza kwamba jicho hupokea nuru na rangi. Umbali, ukubwa na umbo hupatikana kwa uamuzi wa nguvu ya kupambanua iliyo ndani ya mtu, na uamuzi huo hupita upesi kiasi kwamba mtu hajui kwamba ameamua. Umbali, alisema, hupimwa vyema pale tu ambapo kuna mfululizo wa vitu tunavyovijua ukubwa wake kati yetu na kile tunachokitazama: mti, ukuta, nyumba, kilima. Juu angani mfululizo huo haupo. Ndiyo maana mwezi unaochomoza nyuma ya minazi huonekana mkubwa kuliko mwezi ule ule ukiwa utosini. Miaka zaidi ya mia sita baadaye, mwaka 1709, George Berkeley wa Ireland alichapisha kitabu kizima kudai kwamba umbali hauonwi, hujifunzwa.

Kwa hukumu ya Ibn al-Haytham, nyota ya Ghazali haikumdanganya mtu. Jicho lilileta nukta ya nuru, likasema hii hapa. Neno “dinari” lililetwa na mwenye jicho.

Tofauti hiyo ina uzito wa kidini kuliko inavyoonekana. Ukilishitaki jicho, njia zimebaki mbili: usiamini kitu, au ngoja nuru ya ghaibu. Ukimshitaki mwenye jicho, hata kwa upole, umempa kazi anayoiweza. Anaweza kujizoeza kusema mpaka alioufikia. Mafakihi wa Kiislamu wanayo ngazi ya maneno kwa kazi hiyo, na Kiswahili kimeyachukua yote hadi yakawa ya sokoni: yakini, dhana, shaka. Wanayo pia kanuni mashuhuri kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mkazi wa Rayners Lane anao uwezo wa kusema: nina yakini ndege ilipita, nina dhana ilikuwa na injini mbili, kimo chake nina shaka nacho. Tatizo ni kwamba fomu ya malalamiko haina kisanduku cha dhana. Sheria ya usafiri wa anga ya Uingereza inakataza ndege za kiraia kupita juu ya mji zikiwa chini ya mita 300 kutoka kilele cha kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya mita 600, isipokuwa zinapotua au kupaa. Sheria inataka namba, mlalamikaji anatoa namba, na namba ikishaandikwa husahau kwamba ilizaliwa na kukisia.

Wachunguzi wa ajali wanaijua hali hii vizuri. Airbus ya American Airlines ilipoanguka Queens, New York, tarehe 12 Novemba 2001, wachunguzi walikusanya maelezo ya zaidi ya watu 300 walioitazama. Zaidi ya nusu walisema waliona moto ikiwa bado hewani, ila hawakuafikiana ulikuwa sehemu gani ya ndege. Wako waliosema iligeuka kulia, wako waliosema iligeuka kushoto. Chanzo kilichothibitishwa ni kukatika kwa pezi la wima la mkia. Hakuna aliyewaita watu wale waongo, na isingekuwa haki kuwaita hivyo.

Lakini kuna shimo upande wa pili wa njia, la kumkatalia shahidi aliyeona sawa, na Afrika Mashariki ndiko mtu alikosukumiwa humo. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na kituo Rabai karibu na Mombasa, alitazama mlima wa nchi ya Wachaga akaona weupe kileleni. Aliandika kwamba ni theluji. Habari zilipofika London, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa mezani ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki, alizikataa. Hoja yake ilikuwa ya akili safi: mahali pale pako nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, ikweta ni joto, kwa hiyo hakuna theluji, kwa hiyo jicho la mmisionari limemhadaa. Alishikilia neno lake hata katika kitabu alichokitoa mwaka 1852. Ilibidi Karl Klaus von der Decken apande kiasi mwaka 1862, theluji ikamwangukia mwenyewe, ndipo ubishi ukapungua nguvu.

Katika kisa hicho mtu anayestahili kutazamwa kuliko wote ni yule ambaye historia haimtaji sana: kiongozi wa msafara wa Rebmann. Alipoulizwa weupe ule ni nini, hakuwa na jina lake. Wengine wa pwani walikuwa na maneno tayari, walisema ni fedha, na hadithi za majini wanaoilinda. Yeye, kwa maandishi ya Rebmann, alijibu neno moja tu: baridi. Hakuruka kutoka weupe hadi hazina. Alikitaja kile ambacho yeyote aliyepanda angekipata mwilini, akakomea hapo. Cooley alikuwa na elimu yote ya London na akakosa. Mtu asiye na neno la theluji alisema sawa, kwa kuwa hakuongeza kitu.

Siku hizi ubishi wa Rayners Lane huishia kwenye simu. Mtu hufungua programu ya kufuatilia ndege, anasoma kimo, anamwonyesha mwenzake, mjadala umefungwa. Laiti wangejua namba ile imetoka wapi. Kifaa cha ndani ya ndege hupima mgandamizo wa hewa nje, kisha huugeuza kuwa kimo kwa kuchukulia kwamba mgandamizo kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 1,013. Hiyo ndiyo namba inayorushwa redioni, na programu nyingi huionyesha vile vile ilivyo. Hewa ya London haisomi vitabu. Siku ya dhoruba mgandamizo unaweza kushuka hadi 990, na kwa kuwa karibu na ardhi kila hektopaskali moja ni mita 8 na kitu, simu itaipandisha ndege kwa karibu mita 190 za bure. Siku ya anga tulivu ya baridi mgandamizo ukafika 1,035, ndege iliyo mita 200 juu ya usawa wa bahari itasomeka mita 20. Northolt yenyewe iko mita 38 juu ya bahari. Yaani kwa ushahidi wa simu, ndege ile inaruka ndani ya udongo.

Rubani hana tabu na hilo. Huambiwa mgandamizo wa siku hiyo na hurekebisha kipimo chake. Mtazamaji wa chini hapewi masahihisho. Naye, tofauti na kidole gumba, ambacho angalau kila mtu anajua ni kidole, namba ya simu huipokea kama iliyoshuka.

Umbali wa kutembea kutoka stesheni ya Rayners Lane lipo jengo ambalo lingependeza kufanyiwa mjadala huu. Lilifunguliwa mwaka 1936 kama sinema ya Grosvenor, kazi ya msanifu F. E. Bromige, na mbele yake limechongwa umbo lililopinda ambalo watu hulifananisha na mkonga wa tembo. Sinema ilikufa, pakawa baa, na leo ni kituo cha Wazoroastria, makao ya jumuiya yao iliyoanzishwa London mwaka 1861. Miongoni mwa Wazoroastria wa Uingereza wamo Maparsi waliotoka Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Msomaji wa Unguja anamjua mmoja wao hata kama hajui dini yake: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa huko mwaka 1946 na kuja kuitwa Freddie Mercury. Familia yake ilihamia Feltham mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jirani kabisa na Heathrow; kijana mwenyewe aliwahi kubeba mizigo uwanjani hapo. Alipofariki mwaka 1991 alisomewa na makasisi wa Kizoroastria.

Dini hiyo inaugawa ulimwengu mzima kwa mstari mmoja: asha, yaani ukweli na mpangilio wa mambo, na druj, yaani uongo. Kwao uongo ni zaidi ya kosa la mdomo, ni jeshi la upande wa pili. Muumini huitwa kwenye mawazo mema, maneno mema na matendo mema, kwa mfuatano huo, wazo likitangulia neno. Mfuatano huo una hekima ambayo sheria za ushahidi huipita haraka. Anayesema “niliiona mita mia” huku moyoni anajua alikisia amekwisha kupotoka kabla hajafungua kinywa. Anayekisia mia kwa haki, akasema “nakisia”, hata kama ilikuwa mia tatu, hajahama upande. Kosa lake ni la vidole na hesabu, na vidole hurekebishika.

Harrow ina Waislamu wengi pia, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki, na kila mwaka wanarudi kwenye mtihani huu pasipo ndege yoyote. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kuandama, simu zinalia: wako wanaofuata tangazo la Makka, wako wanaongoja mwezi uonekane karibu, wako wanaotaka hesabu za wanafalaki. Mzozo ni ule ule wa Mombasa na Zanzibar, ila mawingu ya huku ni mengi zaidi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili, shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuanzisha mfungo, lakini kuumaliza kunataka wawili. Kanuni hiyo inakubali kwamba mtu mwema anaweza kuona kisichokuwepo, hasa akiwa na hamu nacho. Kwa hiyo anayesema ameuona huulizwa ulikuwa upande gani wa machweo, juu kiasi gani, pembe zake zimeelekea wapi.

Vitabu vya Kiarabu vya wasifu wa watu vinasimulia jioni moja ya namna hiyo mjini Basra, mji ambao karne kadhaa baadaye ungemzaa Ibn al-Haytham. Watu walitoka kutazama mwezi mwandamo. Pamoja nao alikuwepo Anas bin Malik, Sahaba aliyemtumikia Mtume tangu utotoni, sasa mzee anayekaribia miaka mia. Anas akasema: nimeuona, ule pale. Hakuna mwingine aliyeuona, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba Sahaba wa Mtume amekosea. Iyas bin Muawiya, aliyekuja kuwa kadhi mashuhuri wa mji huo, alimsogelea, akamtazama usoni kwa makini, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umepinda na kuning'inia mbele ya jicho. Akaupangusa kwa kidole, akaulaza mahali pake. Kisha akamwomba awaonyeshe tena ulipo mwezi. Anas akatazama, akasema sasa hauoni.